Mkono Uliofutwa

Lori la maji likirudi kutoka kambi ya Ifo springi zikiwa zimelala, dereva hana haja ya kunieleza. Analiegesha mbele ya banda langu, anazima injini, naona mwenyewe. Upande mmoja umeinama, tairi karibu liguse bodi, na ile springi iliyotengenezwa ikiwa imejikunja kama upinde sasa iko bapa kama ubao wa madrasa. Maji ni mazito. Watu huyaona mepesi kwa sababu wanayakuta kikombeni, lakini jaza tangi zima, lipitishe barabara ya Dadaab na mashimo yake, lirudishe, lipeleke tena, na chuma chochote kitasalimu amri.

Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Garissa, kuzirudishia springi umbo lake. Mimi si mtu wa vitabu, lakini nimekaa na chuma muda wa kutosha kujua tabia zake. Springi nzuri huinama mzigo ukipanda na hurudi mzigo ukishuka, na itafanya hivyo maisha yake yote bila kinyongo, mradi usiivushe mpaka. Kila chuma kina mpaka huo. Ukiuvuka hata mara moja, mzigo ukishuka chuma kinabaki pale pale ulipokiacha. Hapo ndipo wananiletea mimi, tena wananiletea kwa haraka na kelele, utadhani ni mimi niliyewajazia tangi.

Nazifungua, natia kipande kimoja kimoja kwenye makaa, nawasha feni, nangoja kiive. Kikishakuwa chekundu hakina ubishi. Nakilaza juu ya fuawe na kukipiga kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda nje, mpaka kipate tena mgongo wake, halafu nakizamisha kwenye oili chafu. Ukikipiga kikiwa baridi kinakutazama tu, na ukizidisha kinakatika. Sina uvumilivu na watu, mke wangu atakwambia, lakini kungoja chuma kiive nilijifunza.

Nyundo naishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ni wa koleo, kwa sababu haufunguki. Vidole vinne vimejikunja nusu kuelekea kiganjani, gumba limejibana pembeni, na ngozi ya kiganja imekaza na kung'aa, haina mistari. Koleo nikishaliingiza humo halitoki. Madereva hunitania kwamba Mungu aliniumba na kifaa cha kazi kabisa. Siku nyingine nacheka nao. Siku nyingine nawaambia wapeleke lori kwingine.

Mama hakuipenda kazi hii. Kwetu kufua chuma ni kazi ya watu ambao wengine hawataki kuoana nao, na nilipomwambia nimepata banda alijifunika uso kwa shungi na kuniuliza atawaambia nini watu wa ukoo. Nikamjibu, waambie jeshi lilinikataa. Na ni kweli. Vijana tulipangwa uwanjani, tukakimbizwa, tukavuliwa mashati, na nilikuwa mbele ya wengi mpaka afisa aliponiambia ninyooshe mikono. Akaugonga huu wa kulia kwa fimbo yake, wala si kwa ubaya, kama mtu anayegonga mtungi kusikia kama una ufa. Akasema, "Wewe nenda nyumbani." Kila mkono wangu ulipotajwa mama alisema kwamba yeye alifanya yote aliyoambiwa na daktari, na yaliyobaki ni ya Mwenyezi Mungu. Nilimwamini. Sikuwa na sababu ya kutomwamini.

Mkono wenyewe niliupata nikiwa mtoto mdogo, tulipokuwa bado tunahama na mifugo upande wa Dadaab. Mama alikuwa mjenzi. Kwetu nyumba ni ya mwanamke; yeye ndiye huijenga, huibomoa, huipakia juu ya ngamia na kuijenga upya kokote tunakotua. Mbavu za nyumba hiyo, aqal tunavyoiita, ni mizizi ya mgunga iliyopindwa. Mzizi mbichi una ukaidi. Ukiupinda kwa nguvu unapasuka, ukiuachilia unarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo mama alichimba shimo, akakoka moto ndani yake, na moto ulipoisha akaizika mizizi katika yale majivu mpaka ilegee. Kisha aliitoa, akaipinda taratibu kwa goti, akaifunga kamba ncha kwa ncha na kuiacha juani. Ukiifungua kabla haijakauka imekula kwako, inanyooka yote. Ikishakauka haibadiliki tena, hata ibebwe na ngamia kutoka hapa mpaka Wajir.

Mimi nilitia mkono katika shimo hilo. Sijui nilikuwa natafuta nini. Majivu yalikuwa yametulia, hayana moshi, hayana dalili yoyote ya moto. Maumivu siyakumbuki. Nakumbuka harufu, na mama akinimwagia maziwa ya ngamia mkononi, yote yaliyokuwa kwenye kibuyu, maziwa ya watu wote siku ile.

Baba alitupeleka kliniki moja ya mabati iliyokuwa Dadaab wakati huo. Haipo tena. Aliyenitibu alikuwa ametoka Kenya, kama tulivyokuwa tukisema wazee wetu na sisi, tukimaanisha kokote ng'ambo ya daraja la Tana. Mama alimpenda kwa sababu alikuwa mpole na alivaa sandali kama sisi. Hakujua Kisomali zaidi ya salamu, na mama Kiswahili alichokuwa nacho ni kile cha kuuzia maziwa. Kidonda kilipofunga na bendeji zikatolewa, daktari alimkalisha mama chini akampa maagizo. Maagizo hayo niliyasikia utotoni mara nyingi mno, kwa sababu mama aliyasimulia kila mgeni alipoutazama mkono wangu. Daktari alimwambia kwamba kila siku, asubuhi na jioni, aufute mkono wa mtoto. Asichoke. Asimwonee huruma. Hata mtoto akilia, afute.

Naye alifuta. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko kitu chochote cha utoto wangu. Alipasha maji, akapata kitambaa alichokirarua kutoka nguo yake mwenyewe, akaanzia kwenye kifundo akashuka kidole kwa kidole, akanipaka samli, akaimba kwa sauti ya chini ule wimbo wanaowaimbia ngamia kisimani. Nilipenda. Ndugu zangu walinionea wivu. Mama alikuwa akiwaambia wageni, kwa fahari, kwamba daktari alimtisha bure kwamba mtoto angelia, maana sikulia hata mara moja. "Nina mkono mwepesi," alisema.

Tuliporudi kliniki, daktari alimuuliza kama anaendelea, naye akajibu kwamba anafuta kila siku, akasifiwa sana. Mkono ukazidi kujikunja. Daktari akatikisa kichwa, akasema makovu mengine ni kaidi, akamtia moyo aendelee vile vile. Kisha tukahama kufuata malisho, na hatukumwona tena.

Mama alikuwa akilisimulia hilo kwa lugha yetu. Katika lugha yetu kufuta ni kufuta, na neno la kuvuta halifanani nalo hata kidogo. Ndiyo maana nilikua, nikaoa, nikaota mvi, bila kusikia chochote.

Nami hata sikukosa kuonywa. Ukame ulipomaliza mifugo tulikuja kukaa Waberi, hapa mjini Garissa, nikatiwa shule nikiwa mkubwa kuliko darasa zima. Siku ya kwanza mwalimu aliniambia, "Vuta kiti ukae." Nikashika ncha ya shati langu, nikakifuta kile kiti, mgongo, miguu na yote, nikasimama kando nikingoja kusifiwa. Darasa lilicheka mpaka mwalimu mwenyewe akageukia ukutani. Ulimi wetu hauna sauti hiyo. Midomo ya Kisomali ikikutana na v inatoa f, ikikutana na p inatoa b, na masikio ni hivyo hivyo. Mwalimu yule alinisimamisha mbele siku nyingi, ameniwekea kidole mdomoni, mpaka midomo yangu ikajua kutetemeka kama nyuki. Mama hakupata mtu wa kumfanyia hivyo. Aliuza maziwa sokoni maisha yake yote akisema bolisi na bikibiki, na wateja wa bara walimwelewa bila shida.

Kiharusi kilimpiga mwaka jana, akimimina chai. Kilichukua upande wa kulia. Ulimi ulikuwa mzito kwa siku chache, ukarudi. Mguu ukarudi nusu. Mkono ukabaki umelala mapajani, halafu, badala ya kuamka, ukaanza kujikunja. Nilikuwa nauona asubuhi baada ya asubuhi, vidole vikiingia ndani kidogo kidogo, na mwendo ule niliujua. Nimeishi nao.

Mama hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kula. Mkono wa kushoto, kwetu, una kazi yake na kazi hiyo si ya mezani, na mwanamke aliyewalisha wengine maisha yote hakuwa tayari kulishwa kama kifaranga. Mke wangu akimletea kijiko mdomoni, mama alikuwa akikaza meno. Akakonda. "Niombeeni mkono wa kula tu," alisema. "Miguu Mungu akiitaka aichukue."

Nikamtafutia kijana wa mazoezi ya viungo, mtu wa bara tena, mwenye chumba kidogo cha kukodi upande wa pili wa mji. Kijana safi, mwenye heshima. Aliushika mkono wa mama, akaupimapima, akaongea naye moja kwa moja badala ya kuongea nami juu ya kichwa chake, jambo nililolipenda.

"Mama, huu mkono unataka kujifunga. Lakini bado ni laini, bado una nafasi. Kila siku uvutwe, kidole kimoja kimoja, mpaka ufunguke. Utauma. Hata ukiuma, uvutwe. Ukishakauka, hakuna dawa."

Mama alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Alikuwa amekutana na kitu anachokijua.

"Hiyo kazi mimi najua, kijana," akasema kwa Kiswahili chake. "Hii kijana yangu nilimfuta hifyo hifyo. Asubuhi nafuta, jioni nafuta. Samli bia nabaka."

Kijana akautazama mkono wangu, ambao nilikuwa nimeuweka gotini bila kufikiri. "Ulimvuta?" akauliza.

"Nilimfuta sana."

Akaomba ruhusa kwa macho, akaugeuza mkono wangu juu chini, akajaribu kidole kimoja. Kisha akaniambia mimi, polepole, "Lakini huu haukuvutwa, mzee. Ungevutwa usingekuwa hivi."

Mama hakumsikia, au alisikia akadhani anaulizwa namna ya kufanya. Alishika ncha ya shungi lake kwa mkono wa kushoto, akaipitisha juu ya ule mkono uliokufa, kuanzia kwenye kifundo, akishuka kidole kwa kidole, kwa upole ule ule.

"Hifi," akasema.

Nilikaa pale nikimtazama, na mambo yote yakajipanga yenyewe. Daktari alisema vuta. Mama alisikia futa. Aliporudi akasema nafuta, na daktari, ambaye alikuwa amekaa nasi vya kutosha kujua kwamba f yetu ni v, akalisahihisha neno kichwani mwake kwa adabu, akasikia navuta. Angekuwa mgeni angeshangaa, angeuliza, angetaka kuonyeshwa. Alikuwa ameshatuzoea, na hiyo ndiyo iliyotumaliza. Na mama, miongoni mwa watu wote wa dunia hii, mama aliyepinda mizizi kwa goti na kujua kwamba kilichofungwa kikikauka hakirudi, angeambiwa kwa lugha yake angeunyoosha mkono wangu hata kama ningelia mpaka mbinguni.

Kijana alifungua mdomo. "Mama, sikusema ku..."

"Amekuelewa," nikamkata. "Amesikia. Tutafanya."

Nilikasirika siku nyingi. Naona ni heri niseme wazi. Nilimkasirikia yule daktari wa sandali, ambaye huenda alishakufa. Nilimkasirikia yule kijana kwa kunifumbua macho. Na nilimkasirikia mama, nikajichukia kwa hilo, nikaendelea tu kumkasirikia. Nilifikiria uwanja ule wa jeshi. Nilifikiria kila mtu niliyempa mkono akaushika nusu nusu kama kitu kitakachomng'ata. Siku moja bandani nilipiga kipande cha springi bila kungoja kiive, nikakipiga tu, na kikakatika vipande viwili. Dereva akasema maneno, nami nikamjibu maneno mabaya zaidi, na hajarudi kwangu tangu siku hiyo.

Lakini kazi ilikuwa pale nyumbani inangoja. Mkono wa mama ulitakiwa kuvutwa, na mama alikuwa anajua ni wa kufutwa. Nilipoanza kukinyoosha kidole chake cha kwanza alipiga kelele.

"Unafanya nini? Daktari amesema kufuta. Wewe unanivunja kama vyuma vyako."

"Ni mazoezi, hooyo," nikasema. Hooyo ni mama, na kwetu mama naye humwita mwanawe hivyo hivyo.

"Kwani mimi sijui? Wewe nilikuumiza hata siku moja?"

Mke wangu, nilipomweleza, alisema nimwambie tu ukweli, maana mkono wake ndio unaokauka na maneno hayakauki. Alikuwa sahihi. Ila kumwambia kwamba vuta si futa ilikuwa ni kumwambia pia kile alichonifanyia. Hakuna njia ya kulifundisha lile la kwanza ukalificha la pili. Alikuwa amejenga uzee wake juu ya ile asubuhi na jioni, kitambaa na samli. Ndicho alichokuwa nacho cha kumwonyesha Mungu kuhusu mimi. Nikakataa.

Badala yake nikawa mjanja. Nilipasha maji, nikachukua kitambaa, nikaanza kumfuta kama alivyotaka, na katikati ya kufuta nilikuwa navuta. Kidogo. Naupitisha mkono wangu wa kushoto kutoka kwenye kifundo, nikifika kidoleni nakishikilia hapo, nakinyoosha, nahesabu pumzi, nakiachilia. Kidole kinarudi, lakini hakirudi chote. Nakipaka samli, nakivuta tena. Alikunja uso, akasema nina mkono mzito, akavumilia. Nilimwimbia hata ule wimbo wa kisimani, mimi ambaye sauti yangu inafukuza mbuzi, na akacheka.

Ukafunguka. Wallahi ulikuwa unafunguka. Kwanza kidole cha shahada, mpaka akaweza kukiinua kwenye sala akiwa amekaa. Halafu kile cha kati. Asubuhi moja alikikamata kipande cha anjera, mkate wetu wa asubuhi, kati ya vidole vitatu, mkono ukitetemeka, akakipeleka mdomoni mwenyewe, na nusu ikaanguka kifuani na nusu ikaingia. Mke wangu aliangua kilio. Mama alitafuna huku akitutazama sote kama malkia.

Tukarudi kwa kijana wa mazoezi tukiwa tumevaa vizuri kama wa Idi. Siku hiyo alikuwa na msaidizi, binti wa hapa hapa Garissa, wa kwetu, aliyeajiriwa karibuni ili wazee wasipate tabu na Kiswahili. Kijana alifurahi sana kuuona mkono. Akamwambia mama kwamba tumefanya vizuri na tuendelee kuvuta vile vile. Na yule binti, kwa kuwa ndiyo kazi yake na kwa kuwa ana adabu, akamwinamia mama, akamwita eeddo, yaani shangazi, na kulirudia kwa Kisomali.

"Anasema muendelee kuuvuta, eeddo. Jiid. Kila siku, jiid."

Mama alimtazama. "Jiid?"

"Ndiyo, eeddo. Jiid." Akafanya kwa mikono yake kama mtu anayevuta kamba ya kisima.

"Na kule kufuta?"

Binti akacheka kidogo, kwa upendo, kama watoto wetu waliosoma wanavyowacheka wazee. "Kufuta ni kitu kingine, eeddo. Hajasema kufuta. Kuvuta."

Macho ya mama yalikwenda kwa kijana, yakaenda kwenye mkono wake mwenyewe ambao ulikuwa umeanza kufunguka, halafu yakaja kwenye mkono wangu na kukaa hapo. Nikautia mfukoni. Nilikuwa nimechelewa.

Nyumbani mke wangu aliweka chai, mama hakuigusa. Alinipungia nikakae karibu naye mkekani, nami nikakaa. Akautoa mkono wangu mfukoni, akauweka pajani mwake, akakishika kidole changu cha shahada kwa mkono wake mzima, akakivuta. Alivuta kwa nguvu zake zote zilizobaki. Aliweka hata goti, kama alivyoweka kwenye mizizi. Kidole hakikwenda popote, ni mfupa tu sasa, na yeye akaendelea kuvuta, jasho likimtoka, mpaka nikaanza kulia.

"Inauma?" akaniuliza.

"Inauma, hooyo," nikasema. Ilikuwa uongo. Humo hakuna kinachouma tena.

"Ungelia," akasema. "Alisema ungelia."

Akauachilia. Kisha akaukunja mkono wake wa kulia, ule tuliouhangaikia, kidole kimoja kimoja akikisaidia kwa mkono wa kushoto, akauingiza chini ya shungi.

Kesho yake nilipokuja na kitambaa alinipa mkono, lakini nilipofika kidoleni na kukishikilia, aliuondoa. Sikuwa na haja ya ujanja tena, kwa hiyo nikamwambia waziwazi: hooyo, acha nivute. Akasema hapana. Nikamwambia bado ni laini. Nikamwambia habari za chuma, kwamba kuna wakati kinakubali na wakati huo hauko mbali na kwisha. Akasema habari hiyo anaijua tangu kabla sijazaliwa. Nikapaza sauti, Mungu anisamehe. Nikamwambia sina kinyongo, kwamba ni ulimi tu, ni herufi moja tu, kwamba mkono huu huu umenipa riziki. Alisikiliza yote.

"Wako ulibaki," akasema. "Na huu ubaki."

Mke wangu alijaribu. Yule kijana alikuja mwenyewe mpaka Waberi, akakaa mkekani, akasema naye kwa upole, na mama akamkaribisha chai, akamshukuru, akamwombea dua. Mkono hakuutoa. Kila siku iliyopita nilijua ni siku gani, kama ninavyojua rangi ya chuma kinapopoa kutoka wekundu hadi weusi, na sikuwa na la kufanya zaidi ya kujua.

Sasa umekauka. Ni ngumi ndogo. Kwa kijiko hataki, na kwa mkono wa mke wangu hataki, kwa hiyo asubuhi kabla ya kwenda bandani namlisha mimi. Nakata anjera, naichovya, naibana katika vidole vyangu vilivyokunjika, ambavyo vinashika tonge vizuri kuliko kijiko chochote, namtia mdomoni. Kwa mkono huu anakubali. Anatafuna bila kunitazama.

Tukimaliza ananinyooshea ile ngumi. Nachukua kitambaa cha maji ya moto, naanzia kwenye kifundo, nashuka juu ya vidole visivyofunguka, kimoja kimoja, nampaka samli. Sivuti. Namuuliza kama inauma, kwa mazoea tu.

"Haiumi," anasema. "Una mkono mwepesi, hooyo."